Okemwa na Sanduku la Vyombo

Benchi letu liko nje ya posho mill pale Suna, upande wa kivuli, na ukitaka kukaa hapo lazima uvumilie unga na maneno. Jerusha anauza kahawa ya tangawizi kwa birika, sisi wengine tunatoa maoni bure. Alhamisi hiyo alasiri alikuwepo Tony, tunayemwita Spika kwa sababu hawezi kutoa hoja bila kusimama. Alikuwepo Angwenyi, Daktari kwetu, ingawa kazi aliyofanya hospitalini ni kulinda geti miaka kumi na minane. Nilikuwepo mimi, ambaye hunywa na kukasirika kimyakimya. Na alikuwepo Phanice, anayetuonyesha muvi za bure uwanjani kila Jumamosi ya likizo ya Agosti, kiza kikiingia na Wasabato wakiwa wamemaliza Sabato yao. Alitaka tumwambie kabla ya jioni kama amnyang'anye Okemwa maiki.

Muvi zenyewe ni za Kizungu. Okemwa husimama kando ya shuka jeupe na kutuambia kwa Kiswahili kila kinachosemwa, akilia mtu akilia na kubweka mbwa akibweka. Wiki nzima anashona viatu vya watu sokoni, nao humwita fundi tu. Jumamosi ndiyo siku pekee anaitwa kwa jina lake, na uwanja mzima humpigia makofi. Nasema hivi mjue ni kitu gani tulikuwa tunataka kumnyang'anya.

Kosa lake lilikuwa hili. Jumamosi iliyopita muvi ilikuwa ya kijana aliyekwenda kujenga reli katika nchi ya theluji, huku mama yake akimngoja stesheni. Mwishoni treni ikaja, ikashusha sanduku. Okemwa akatangaza kwamba sanduku hilo ni la vyombo, na kwamba kijana mwenyewe yuko hospitali, anaendelea vizuri, atafika na treni ya kesho. Kisha sanduku likazikwa. Vijana wanaosoma chuo kule Rongo wakacheka mpaka wakashikana mbavu.

Phanice: Wananiuliza, tangu lini vyombo vikazikwa? Wanasema Okemwa akishika maiki tena, hawaji. Mmoja wao, Bravin, amejitolea kutafsiri neno kwa neno. Na hii Jumamosi ndiyo ya mwisho. Nifanye nini, yawa?

Spika alishasimama.

Spika: Kwanza tujue alidanganya juu ya nini. Mimi nasema Kizungu kilimwishia. Ile ya salamu na ya kuomba chakula anajua. Ikafika mwisho, wazungu wakaanza kuongea na pua, akaokota chenye alipata.

Daktari: Kizungu gani, omera? Sanduku limebebwa na watu sita, padri yuko mbele! Hata mbuzi za jirani Maroa zilijua hiyo ni matanga. Wewe sikiza mimi. Okemwa anataka kiti ya wadi. Umewahi kuona mwanasiasa akiua mtu mbele ya wapiga kura?

Spika: Basi mimi naenda mbali kushinda hapo. Hizi muvi hutengenezwa mbili mbili. Moja ni ya kwao, hiyo mtu anakufa. Ingine ni ya kutumwa huku kwetu, hiyo mtu anapona. Okemwa alipewa karatasi ya ile ingine.

Daktari: Eh! Na picha?

Spika: Picha walichanganya huko bandarini.

Nilitamani kummwagia kahawa. Mtu ameleta shida ya kweli, nyinyi mnacheza nayo. Phanice hakucheka hata kidogo.

Phanice: Mimi nilimwuliza mwenyewe. Alinijibu kitu moja tu. "Mama Nchagwa alikuwa amekaa mbele."

Hapo Spika akakaa bila kuambiwa. Mama Nchagwa tunamjua sote. Macho yake yameingia ukungu, haoni picha, lakini hakosi Jumamosi. Hukaa kiti cha mbele kabisa na kumsikiliza Okemwa. Mwanawe Nchagwa alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Tanzania. Huu ni mwaka wa pili simu yake haipatikani, na hakuna mtu hapa Migori anayejua kama yuko hai.

Jerusha aliweka birika chini. Huwa haongei sana, ndiyo maana tulimgeukia.

Jerusha: Sasa nyinyi mlitaka Okemwa aseme aje? Ati mtoto amekufa? Kwa maiki? Mama amekaa peke yake kwa giza? Hapa kwetu nani huambiwa hivyo? Mume wangu alipokufa, mimi niliambiwa ako na malaria kali, nifunge kibanda nije. Nikapewa maji. Shangazi watatu wakakaa karibu na mimi, mmoja akanishika mkono, ndiyo nikaambiwa. Okemwa hakuwa na shangazi hapo. Angefanya nini?

Phanice: Lakini hiyo ni muvi, Jerusha.

Jerusha: Kwako ni muvi. Yeye haoni shuka. Yeye anasikia tu habari ya mtoto wa mtu.

Nilidhani mambo yameisha, na kwa moyo wangu nilikuwa nimeshampa Okemwa maiki yake. Lakini Spika alikuwa anatazama mikono yake.

Spika: Mimi baba yangu alipokufa nilikuwa Nakuru. Brother akapiga simu, akasema mzee anaumwa kidogo, anasikia baridi, kuja. Nikapitia sokoni nikamchagulia sweta. Nilichagua sana, bana. Nikakataa ya kijani, nikakataa ya kola, nikapata ya kufunga vifungo, kwa sababu mkono wake mmoja haukuwa unapanda vizuri. Nikafika nyumbani nayo kwa karatasi. Nikaona hema. Watu wote kwa geti walikuwa wanajua, hata watoto. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa nimebeba sweta.

Phanice: Pole, Tony.

Spika: Walinipenda, najua. Lakini mpaka leo sijawasamehe. Kwa hivyo mnipe Bravin. Aseme chenye kiko.

Daktari: Pale getini watu walikuwa wananiuliza, "Mzee, mgonjwa wetu wa wodi ya tatu ameamkaje?" Na mimi nimeona akitolewa asubuhi, amefunikwa shuka. Nawaambia, ingieni, mtauliza ndani. Miaka kumi na minane. Sijawahi kuambia mtu hata mmoja.

Phanice akanigeukia akaniuliza mimi nasemaje. Nilikuwa na majibu mawili, yote mazuri, na kila moja lilikuwa linamuumiza mtu. Nikamwambia sijui. Ilinichoma kusema hivyo, kwa sababu hapo kijiweni sijawahi kukosa la kusema.

Kinu kikazimwa ndani. Akatoka Mama Nchagwa, mfuko wa unga begani, fimbo ikitangulia. Tukasogea haraka, Daktari akampokea mzigo, Jerusha akamtolea kikombe. Alipomsikia Phanice akimwamkia, uso wake ukafunguka.

Mama Nchagwa: Phanice mwanangu, ni wewe? Nimekutafuta tangu Jumapili. Yule kijana wa reli, alitoka hospitali?

Spika alisimama, kama kawaida yake. Kisha akatazama barabara. Daktari aliinama kufunga mfuko wa unga ambao ulikuwa umefungwa vizuri. Mimi nilitaka kusema ndiyo, nikataka kusema hapana, na nilijionea aibu kwa yote mawili.

Mama Nchagwa: Treni ya kesho yake ilikuja? Ama?

Phanice: Mama, hiyo ni Okemwa anajua. Jumamosi utamwuliza. Atakuwa hapo na maiki yake.

Alisema hivyo bila kututazama, na hakuna aliyembishia, hata Spika.

Mama Nchagwa alikunywa kahawa yake polepole mpaka mwisho. Akakirudisha kikombe, na mkono wake ukapapasa hewani mpaka ukampata Jerusha.

Mama Nchagwa: Sawa. Nitakuja mapema. Lakini wewe, Jerusha, uje ukae na mimi. Na mwambie Edith wa duka, na dada yangu pia nitamwita. Jumamosi ile nilikaa peke yangu, na nikasikia Okemwa anapata taabu sana kuniambia.