Kaku Hakuwatenganisha Mapasa

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Itikeni tena; miye ni mama wa soko, kila kitu nahesabu mara mbili.

Nauza samaki wa ziwa Tshangalele, nakaa mtaa wa Shituru hapa Likasi na Kaku, ndivyo sisi watu wa Kasai tunavyomwita bibi. Kaku aliletwa huku na gari moshi, bado msichana, mume wake alipoandikwa kazi ya shaba. Masanduku yalipotea njiani. Desturi hazikupotea hata moja, na zote alinitwika miye.

Nikazaa mapasa: Mbuyi, mnene, mwenye kelele, na Kabanga, mdogo, baridi kama samaki wangu. Kabanga hakunyonya. Ndugu zangu, nilianza kumlilia angali hai!

Kaku akavua blauzi, akawafunga wote wawili kifuani pake, ngozi kwa ngozi, ndani ya kikwembe, kile kitenge cha gwaride la Chama tawala. Kwa mara ya kwanza kikasaidia raia. Kwetu mapasa hawatenganishwi: ukimbeba mmoja, umebeba wote, mmoja akinyonya, mwenzake awekwe titi la pili. Tena wanaimbiwa nyimbo za kuwatukana wazazi, ndiyo heshima ya mapasa. Kaku aliimba masikio ya bwana yangu, akaimba ulimi wangu, hakubakisha kitu.

Mama Kalenga, kiongozi wa kundi letu la sala, akaja kumwombea mtoto. Kusikia wimbo, akasimama mlangoni.

"Hizi ni mambo ya shetani ya Kasai. Huku ni Likasi! Anyamaze kwanza."

Kaku akacheka. "Weye mwanangu, Mungu alibakia Kasai? Ao alishuka ku gare ingine ya gari moshi?"

Mama Kalenga akanigeukia. "Chagula: wimbo ao maombi!"

Niliogopa, sidanganyi. Kama mtoto angekufa, wangesema ni sisi tuliomuua. Lakini nikaona kidole cha Kabanga kimeshika sikio la Mbuyi.

"Mama, bei yako haishuki? Basi, rudi na maombi yako. Ya kwangu iko."

Akaondoka. Kaku akaimba, miye nikapiga magoti nikaomba, hakuna aliyemzuia mwenzake. Mbuyi akilia njaa, nawanyonyesha wote. Alivyovuta kwa nguvu, maziwa yakachuruzika upande wa Kabanga pia, yakamlowesha midomo. Asubuhi moja akavuta mwenyewe. Akameza! Haleluya!

Mtazameni pale mbele, anamnyang'anya Mbuyi mkate.

Ndugu zangu, asante ni ya Mungu, yote. Na wewe uliyeambiwa umwache bibi yako nje ndipo Mungu akusikie, ingia naye. Mketishe benchi la kwanza. Atakayemwondoa, aanze na miye.