Dungu la Penina

Mbukwenyi, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, punguza moto, vuta kigoda. Kama uko shambani na redio umeitundika mtini, jembe halitakimbia, lipumzishe kidogo. Leo tunamkumbuka Editha Ndahani wa Hombolo. Amezikwa juma lililopita, pembeni ya shamba la baba yake. Mimi bibi yenu Anastazia nilikaa mkekani na binti yake, Raheli. Mengi ya haya yametoka kinywani mwake. Mengine ni ya jirani yao, mzee Methusela.

Editha alizaliwa Hombolo. Akaondoka akiwa msichana, akarudi akiwa bibi. Lishikeni hilo, maana shamba alilorudia ni lile lile la utoto wake.

Baba yao alikuwa mtu wa uwele. Na ninyi mnajua uwele unavyopendwa na ndege. Kwelea kwelea wakitua, asubuhi una shamba, jioni una mabua. Basi baba akajenga madungu mawili, yale majukwaa ya miti anakokaa mlinzi wa ndege. Editha akapewa dungu la upande wa njia. Mdogo wake, Penina, akapewa dungu la upande wa kichuguu. Silaha yao ilikuwa udongo. Unafinyanga kidonge, unakichomeka kwenye ncha ya fimbo inayonesa, unakibonyeza kwa dole gumba ili kishike, kisha unarusha. Kidonge kinalia hewani kama nyuki.

Nyumba ile ilikuwa na mwiko wake. Mtoto aliyepandishwa dunguni hashuki mpaka aitwe. Jua likizama, mama yao, Lea, alisimama mwisho wa shamba akaita: "Editha, shuka, ugali upo! Penina, shuka, ugali upo!" Mtoto anaitika "Abee!" Ndipo anashuka.

Sasa siku moja Lea akashikwa na uchungu wa kujifungua mchana. Baba akakimbilia dungu la karibu, la njiani, akamshusha Editha aje kusaidia. Mvua ya mawe ikaja. Kila mtu akadhani Penina ameshuka na dada yake. Alipokumbukwa, giza limeshaingia. Baba alimkuta amejikunja juu ya dungu, amelala, mwili baridi kama jiwe la kusagia. Akambeba hadi nyumbani. Homa ilimchukua kabla ya mavuno.

Watu wote walilia. Lea alisema tu: "Alibebwa. Hakuitwa."

Nalirudia, wasikilizaji wapendwa. Penina alibebwa. Hakuitwa.

Ukame uliofuata uliwatoa Hombolo. Baba aliwapeleka Kilosa kwenye mkonge. Huko Editha akaolewa, akapikia watoto wa shule uji na makande miaka mingi, akazaa, akafiwa na mume. Siku moja akamwambia Raheli: "Tufunge mizigo, mwanangu. Mkonge hauliwi. Twende kwetu tukalime."

Wakarudi, mama, binti na wajukuu. Shamba lilikuwa pori la miiba. Wakalifyeka, wakapanda uwele. Raheli anasema mama yake alikuwa kama mtoto. Akiona mlenda pori, anapiga magoti kuuchuma. Akisikia kanga wakilia korongoni, anacheka peke yake. Kichuguu kilikuwapo bado, kimenenepa tu. Madungu yalikuwa yamekwisha, yameliwa na mchwa. Wakajenga dungu moja, la upande wa njia. Raheli akauliza, "Na kule kwenye kichuguu?" Mama yake akajibu, "Kule tuache."

Mwaka ule ndege walikuja kama moshi. Mashamba ya majirani yalikwanguliwa. Upande wa njia, Raheli na watoto walipiga madebe mpaka mikono ikawaka. Lakini upande wa kichuguu, wapendwa, hakutua hata ndege mmoja. Kundi linashuka, linakaribia, halafu linageuka ghafla, kama limerushiwa kitu. Hakuna mtu. Hakuna upepo. Mabua yamesimama kimya.

Mzee Methusela akaja na utani wake. "Shemeji Editha, mmeajiri nani kule? Niazime mlinzi wenu, mimi nimebaki na mabua ya kufagilia."

"Lima lako, shemeji, acha kuchungulia la watu," Editha akamjibu. Lakini Raheli alimwona mama yake akigeuka kutazama kichuguu.

Kesho yake Raheli akapita upande ule kutafuta mbuzi. Ardhi ilikuwa kavu, inapasuka. Akaona vidonge vya udongo vimetapakaa kati ya mistari. Akaokota kimoja. Kilikuwa kibichi, kina maji. Bwawa liko mbali na pale. Na kwenye kila kidonge kulikuwa na alama ya dole gumba, dogo, la mtoto.

Akampelekea mama yake kiganjani. Editha akakitazama mpaka kikaanza kukauka. Akasema, "Huyu ni Penina. Bado yuko juu."

Tangu hapo ikawa wanasikia. Jua likielekea kuzama, sauti inatoka upande wa kichuguu: "Hooo! Hooo!" Ni ule ukelele wa kufukuza ndege. Mwanzoni ilikuwa kali. Kadiri siku zilivyokwenda, ilikauka, ikakwaruza, kama ya mtoto aliyeshinda njaa. Vidonge navyo vikawa vidogo, vinaanguka karibu karibu, kama mrushaji amechoka mkono.

Hapo ndipo mama na binti walipopishana. Raheli hafichi, na mimi namheshimu kwa hilo. Kihenge kilikuwa kitupu. Chakula cha mwaka mzima kilikuwa kimesimama upande ule wa kichuguu, kimeanza kukomaa. Akamwambia mama yake, "Ukimwita akashuka, ndege watatumaliza. Subiri tuvune, mama. Uwele ukishaingia ndani, mwite."

Editha akamjibu, "Unanisikia mimi au unasikia njaa? Mtoto amekauka koo kwa ajili yetu."

"Na hawa wangu je? Hawana koo?"

 Editha akawatazama wajukuu wake waliokuwa wanagombania ukoko. Kisha akasema, "Hawa nitakufa nao njaa hadharani, kila mtu anaona, jirani atatupa kibaba. Yule nani anamwona?"

Jioni ile akasonga ugali. Akajitanda khanga, akasimama mwisho wa shamba, pale pale alipokuwa akisimama mama yake. Akaita: "Penina! Penina wa Lea! Shuka, ugali upo!"

Ukelele ukakatika. Kimya. Hata wadudu walinyamaza. Kisha Raheli akaisikia, nyembamba, ya furaha: "Abee!"

Mabua yakaanza kuachana. Mstari mmoja mwembamba, kutoka kwenye kichuguu kuja nyumbani, bila upepo. Mbwa wao akainuka njiani, akakaa pembeni, kama anampisha mtu. Kitu cha baridi kikapita kwenye kiuno cha Raheli, pale kinapofika kichwa cha mtoto. Editha akaweka kibakuli cha ugali na mlenda kizingitini, wakaingia ndani, wakafunga.

Asubuhi ugali ulikuwapo, umepoa, haujapungua. Katikati ulikuwa na shimo moja dogo la dole gumba, kama tunavyobonyeza tonge tukitaka kuchotea mlenda.

Siku hiyo hiyo ndege wakatua upande wa kichuguu.

Mzee Methusela akapita. "Shemeji, mlinzi wenu kaacha kazi?"

"Amekwenda kula," Editha akamwambia.

Mzee anasema hakucheka. Alirudi kwake, akaja na wanawe na madebe. Wakapigana na wale ndege hadi mavuno. Kihenge hakikujaa. Kilifika kiunoni. Wamekula uji mwepesi, lakini wamekula.

Na Editha? Mchana mmoja baada ya mavuno alikuwa anapepeta mawele uani. Akainua kichwa ghafla. "Abee!" akaitika.

"Mama, sijakuita," Raheli akasema.

"Si wewe."

Akaweka ungo chini taratibu, nafaka isimwagike. Akanawa mikono. Akajilaza kwenye mkeka kivulini, uso kuelekea kichuguu. Raheli alipomletea maji, alikuwa ameshakwenda. Raheli aliniambia hivi, na machozi yanamtoka: "Bibi Anastazia, mama yangu hakubebwa. Aliitwa."

Raheli mwanangu, pole. Poleni wajukuu, pole mzee Methusela, poleni watu wa Hombolo. Mungu awape moyo, na mwaka huu awape mvua bila mawe.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Tumewapandisha watoto wetu mahali pengi. Mmoja anachunga ng'ombe za watu. Mmoja anafua nguo za watu mjini. Mwingine tulimtuma zamani, chakula kinakuja, tukaona vema anyamaziwe. Hawashuki wenyewe. Wanangoja sauti.

Jua linazama. Nani wa kwenu bado yuko juu?