Mke Mwenza Aliye Relini

Hebu niambie, umewahi kumwona mtu akilionea wivu behewa? Mimi nilimwona kwenye treni, mshonaji wa makamo aliyekaa mbele yangu, akiongea na muuguzi waliyekutana humo humo.

Tulikuwa tunapita kando ya behewa kuukuu la abiria, ambamo siku hizi mafundi wa reli huweka majembe na nyundo zao.

"Huyo ndiye mke mwenzangu," mshonaji akasema. "Mume wangu ni fundi hapo. Siku ya mapumziko anakwangua rangi zake, anatafuta lilikotoka. Wastaafu wote kawauliza ni nani aliyepigilia ule ubao uliochorwa maua dirishani."

"Shukuru, dada. Hilo halizai."

Nikajifanya nakohoa.

"Alipigilia mjomba wangu," mshonaji akasema. "Dirisha lilikuwa halifungi, mvua inanilowesha, nami ndiyo naletwa kuolewa, ndani ya behewa hilo hilo. Akabandua kifuniko cha sanduku langu, akaazima nyundo kwa gadi wa treni. Sanduku lenyewe liko chumbani, limechorwa maua yale yale. Analipita kila asubuhi."

"Na hujamwambia?"

"Hajaniuliza."

"Si umwambie tu mumeo, mama, apumzike?" nikadakia mimi.

Treni ikapunguza mwendo. Mshonaji akasimama, akajifunga khanga yake vizuri. Breki zilipolia ndipo akajibu, taratibu, akitazama mlango.

"Nilitaka siku moja aniulize na mimi nilifikaje kwake."