Kina Amuri wa Mama Safia

Katika mtumbwi wa moteri uliokuwa ukivuka mto Lualaba, Odette alijifanya anapanga mihogo yake, kumbe masikio yote yako kwa jirani zake. Mama Safia alikuwa anamtafuta kaka yake Amuri, aliyepotea vitani, kwa simu yake, kwenye tovuti ya waliopotea. Kila akigusa "Leta wengine", kina Amuri walikuja kumi kumi.

"Mama, ongeza jina la baba, watapunguka," akasema Papa Ilunga, aliyeketi kando yake. "Amuri hapa Maniema wako wengi kupita samaki!"

"Kwa barieri za vita, pale askari walipouliza kila mutu kabila lake, tulificha majina ya baba zetu. Nikiwapunguza hawa, nitamupunguza na yeye."

"Basi utazeeka na kidole juu ya simu!"

"Nilishazeeka."

Odette akameza kicheko. Mtumbwi ukagusa ng'ambo.

"Shuka, mama!" akaita mwenye mtumbwi.

Safia akagusa tena. "Mungojee kwanza. Wengine wangali wanakuja."