Diski Iliyoitwa Mama Mkwe

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, fundi wetu wa kompyuta anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika nyumba hii ya uchapishaji. Sote tunamwita Shangazi, hata sisi tuliomzidi umri.

Aliajiriwa kupiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipofika ilifunikwa kitambaa kama bibi harusi, na wakubwa wakaizunguka kwa adabu. Shangazi aliifunua akaifungua kwa bisibisi. Tangu hapo kila diski, ghala la kazi zetu ndani ya mashine, aliipa jina la jamaa: Binamu, Mjomba, Mama Mkwe. Mkurugenzi alipodai namba badala ya majina, Shangazi alimuuliza kama mama yake alimwita Namba Saba. Hoja ikafia hapo.

Sheria yake ilikuwa moja: kabla hujagusa diski yoyote, fungua lile dirisha jeusi la maandishi kwenye kioo, andika amri, uiulize mashine inatumia diski ipi. Mabingwa wa kipanya walimcheka. Kwao, picha nzuri kwenye kioo ni ushahidi tosha. Huo ni uvivu uliovaa suti, na nasema hivyo hata kwenye sherehe ya kumuaga.

Mwulizeni mhariri mkuu. Kamusi ya miaka tisa ilikuwa kwenye mashine yenye diski mbili, Mjomba na Mama Mkwe, ambazo picha zake kwenye kioo zilifanana kama mapacha. Aliapa kwamba anafanya kazi kwenye Mjomba, akaagiza Mama Mkwe ing'olewe ikafutwe. Shangazi alimpokonya kipanya kama anayempokonya mtoto kisu, akamlazimisha kuandika ile amri. Mashine ikajibu: Mama Mkwe. Kamusi nzima ilikuwa humo. Bwana mkubwa alikuwa anakata tawi alilolikalia. Siku hizi huisalimu diski hiyo kila asubuhi, na mkewe analalamika kwamba mama yake mzazi, mama mkwe halisi, hajawahi kupata heshima kama ile.

Basi nani atatuzuia sasa? Tulipanga kumpigia simu kila tukikwama, ingawa mumewe ameshatuonya kuhusu saa za chakula. Jana tuliwasha mashine mpya, zawadi yake ya mwisho kwetu. Hakuna aliyejua diski yake inaitwaje. Tukafungua dirisha jeusi, tukauliza kama alivyotufundisha. Mashine ikajibu: Msinipigie.

Tumesikia, Shangazi. Asante kwa kutuokoa na ujuaji wetu. Kapumzike kwa raha na afya, na chakula chako kisipoe tena.