Mwalimu Zadock Mokua: Klachi Miaka Ishirini na Miwili, Otomatiki Miaka Saba

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kukaa kiti cha kushoto na kukanyaga breki kwa niaba ya watu wengine, Mwalimu Zadock Mokua anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025. Alijiunga na Chuo cha Udereva cha Nyota ya Ziwa, tawi la Migori, mwezi Mei 1996. Kwa hesabu ya ofisi amefundisha watu elfu tatu na mia mbili na kidogo. Ni vigumu kusafiri kutoka Migori hadi Homa Bay bila kupishana na mtu aliyewahi kukemewa naye.

Mkurugenzi wetu, Bwana Maranga, ameniomba niandike wasifu huu. Naitwa Dorine Adhiambo, mwalimu wa tawi la Homa Bay. Mwalimu Zadock alinifundisha gari mwaka 2009, na miaka tisa baadaye nikamfundisha yeye. Rasimu ya kwanza niliyomwonyesha ilikuwa ya sifa tupu. Aliisoma yote, akavua miwani, akaniambia kwamba nikiliacha jambo la Macalder, hatakuja kwenye sherehe yake mwenyewe. Namjua, hatanii katika mambo ya namna hiyo. Kwa hiyo limo.

Wazazi wake walihama Kisii wakaja Migori kuuza ndizi na sabuni, na yeye akiwa kijana akapata kazi ya kuendesha trekta la miwa upande wa Awendo. Hapakuwa na mtu wa kumfundisha gia. Trekta lenye mzigo wa miwa lilimfundisha lenyewe, kwa kuzimika katikati ya mlima kila alipochelewa kubadilisha. Ndiko alikotoa msemo wake ambao kila mwanafunzi wetu anaujua, kwamba gari hulia kabla ya kuchoka, na dereva ni mtu anayesikia kilio mapema.

Alipoanza kufundisha, hakumruhusu mtu kuingia kwenye gari siku mbili za kwanza. Alikuwa amemwagiza fundi seremala wa sokoni amchongee ubao wenye mifereji ya gia, moja hadi tano na ya kurudi nyuma, na kijiti cha kusimama badala ya mkono wa gia. Mwanafunzi alikaa kwenye benchi uani, amefumba macho, ameshika kijiti. Mwalimu Zadock alisimama nyuma yake akitoa sauti ya injini kwa mdomo. Sauti ikipanda, unakanyaga klachi ya hewani kwa mguu wa kushoto na kupandisha gia. Sauti ikianza kukoroma, unashusha. Wateja wa kinyozi jirani walikuwa wakija kutazama, na wako waliosema pale pana kanisa jipya.

Nilidhani ni upuuzi mpaka siku niliyoingia barabarani. Mkono wangu ulijua njia kabla ya kichwa. Wanafunzi wa vyuo vingine walikuwa wakichungulia gia kwa macho huku gari likienda kombo, sisi tulikuwa tunatazama mbele. Kwa kuwa ni Msabato aliyesimama imara, Mwalimu Zadock hakufundisha Jumamosi hata mara moja, lakini Jumapili saa kumi na mbili asubuhi alikuwa tayari getini akikutazama kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa.

Sasa nije kwenye kasoro zake, kwani alikuwa nazo. Kubwa ilikuwa kiburi cha klachi. Mwaka 2015 chuo kilinunua gari letu la kwanza la otomatiki, Vitz ya rangi ya fedha, lile lisilo na klachi, linalojibadilishia gia lenyewe. Walimu wengine tulilishangilia. Yeye alilizunguka mara moja, akachungulia chini ya usukani, akaona pedali mbili tu, akasema, "Hii si gari, hii ni kiti." Kuanzia hapo aliyetaka kujifunza otomatiki alitumwa kwangu Homa Bay, akisindikizwa na mzaha.

Mwezi Machi 2016 akaja ofisini Migori mtu mmoja kutoka Macalder, Nicodemus Onyango. Alikuwa mchimba dhahabu. Ukuta wa shimo ulikuwa umemwangukia, na mguu wake wa kushoto ulikatwa juu ya goti. Alikuja kwa magongo, na barua ya daktari mfukoni. Kaka yake alikuwa amenunua gari dogo la kusambazia mkate Macalder na vijiji vya jirani, akamwahidi kwamba akipata leseni kazi ni yake. Mwalimu Zadock alimweleza kwa upole kwamba klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, na kwamba asiye na mguu huo hawezi kuwa dereva.

Siku hiyo ile Vitz ilikuwa imeletwa Migori kwa matengenezo, imeegeshwa uani. Nicodemus aliionyesha kwa gongo lake. "Mwalimu, na hiyo inaendeshwa na miguu ngapi?"

Karani wetu, Nyanchoka, alikuwepo, na ndiye shahidi wangu. Anasema Mwalimu Zadock alijibu kwamba hiyo inaendeshwa na watu wasiojua gari, na chuo hiki kinafundisha udereva. Nicodemus akasema asante, akatoka. Nyanchoka alitaka kumwita arudi ili amwelekeze Homa Bay. Hakuthubutu, kwa sababu ya heshima ya mwalimu. Mpaka leo anajilaumu, nami namwambia aache, ingawa sijui kama ningethubutu mimi.

Miaka miwili baadaye, mwezi Agosti 2018, Mwalimu Zadock alikuwa na mwanafunzi kwenye mwinuko wa Rodi Kopany. Mwanafunzi alishusha gia, akaachilia klachi ghafla, gari likaruka na kuelekea kando ya barabara, kwenye meza ya muuza nyanya. Gari la mafunzo lina pedali za pili upande wa mwalimu kwa ajili ya dakika kama hiyo. Akautuma mguu wa kushoto kwenye klachi. Mguu haukwenda. Goti lilikuwa limegoma. Alikanyaga breki kwa mguu wa kulia na kuvuta breki ya mkono kwa nguvu zote, na gari likasimama hatua moja kutoka kwenye nyanya. Hakuna aliyeumia. Mama mwenye meza aliwasomea kwa Kijaluo somo refu ambalo mwanafunzi alishukuru kutolielewa.

Ndipo tulipojua kwamba goti lilikuwa likimsumbua kwa mwaka mzima na alikuwa akilificha. Alikuwa akiogopa kurudishwa nyumbani, na hapakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Lakini jioni hiyohiyo, kabla ya mtu yeyote kumshtaki, aliingia kwa mkurugenzi, akaweka funguo mezani na kusema hafai tena kukaa na mwanafunzi. Daktari alithibitisha kwamba gegedu, yaani mfupa laini, la goti la kushoto limelika, na akamwambia, nusu kwa utani, kwamba ni klachi iliyolila.

Bwana Maranga hakumfukuza. Alimpa mwezi mmoja. Aende Homa Bay, ajifunze otomatiki kwangu. Nikitia sahihi kwamba anaweza kuifundisha, atabaki. Nisipotia, tutaagana kwa shukrani. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Nilikuwa nimeushika mkate wa mwalimu wangu mkononi, na nawaambieni ukweli, sikuufurahia mzigo huo hata kidogo.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu alikuwa mkavu. Siku ya kwanza, kwenye barabara ya kwenda Rangwe, injini ilipopanda sauti, mguu wake wa kushoto uliondoka wenyewe kutafuta klachi, kama ulivyofanya kwa miaka yote, ukakuta breki na kuikanyaga mpaka sakafuni. Paji la uso wangu nusura lipige kioo. Akaomba radhi. Hatua mia mbili mbele, akarudia. Mkono wake wa kushoto nao ulikuwa ukirukia mkono wa gia kila tulipopanda kilima, na mara moja akatutia kwenye N, mahali pasipo na gia, katikati ya mwinuko, gari likanguruma bila kwenda popote. Hilo ni kosa ambalo mgeni wa gari hawezi kulifanya. Ni lazima uwe fundi kwanza.

Dawa aliipata mwenyewe. Alianza kuvua kiatu cha mguu wa kushoto na kukiacha ofisini kabla ya somo, ili mguu ujue hauko kazini. Wiki nzima wageni wa tawi la Homa Bay walikuta kiatu kimoja cheusi, kimepakwa rangi vizuri, kimekaa chini ya benchi peke yake. Nilicheka, naye alicheka, lakini niliona pia jinsi alivyokuwa akijifuta jasho. Ni vigumu kwa mtu mzima kuanza tena kuwa mjinga mbele ya mtu aliyewahi kumkemea.

Wiki ya tatu aliendesha kutoka Homa Bay hadi Rodi Kopany bila kosa. Alipanda mwinuko uleule, akaegesha, akaweka P, akavuta breki ya mkono. Nilikuwa tayari kumpongeza. Yeye alikuwa akiutazama mguu wake wenye soksi.

"Dorine," akasema, "huu mguu haujafanya kazi yoyote kutoka Homa Bay."

Nikamwambia ndiyo, ndivyo ilivyo. Kisha akanieleza habari za Nicodemus, neno kwa neno, mpaka lile swali la miguu mingapi. Alisema amekuwa akimwambia kila mwanafunzi asikilize, na siku mtu alipomuuliza swali la maana, yeye hakusikiliza. Machozi yalimtoka. Nikafungua dirisha.

Nilitia sahihi Ijumaa iliyofuata. Jumapili, badala ya kupumzika, alikwenda Macalder. Namba ya simu aliyokuwa nayo haikupatikana, kwa hiyo aliulizia kwa waosha dhahabu mmoja baada ya mwingine, akarudi mikono mitupu. Jumapili ya pili alimpata, ameketi karibu na kinu cha kusagia mawe, anapanga mawe ya watu wengine. Gari la mkate lilikuwa limepewa dereva mwingine siku nyingi. Mwalimu Zadock alimwambia mbele ya wenzake wote, "Ulikuja kwangu na haki yako, mimi nikakunyima kwa kiburi. Nimekuja uniambie vile unaona."

Nicodemus aliendelea kupanga mawe kwa muda. Halafu akasema, "Umechelewa, mwalimu. Miaka miwili na nusu. Lakini kaa chini, unywe chai."

Alikuja chuoni Januari 2019. Mwalimu Zadock ndiye aliyemfundisha, na kwa mtihani wa kwanza alifaulu. Kazi ya mkate haikurudi; alipata nyingine baadaye, ya kupeleka dawa za mifugo kutoka Migori, na anaifanya mpaka leo. Nilimwomba kibali cha kumtaja hapa. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisiandike kuwa yaliyopita yamepita. Siandiki hivyo.

Kuanzia hapo Mwalimu Zadock akawa mwalimu wa otomatiki kwa moyo wote, na kwa maoni yangu bora kuliko mimi. Aligundua jambo ambalo sisi tulilipita bila kuliona. Kwenye gari la klachi, mtu akiogopa, gari huzimika, na mara nyingi hofu yake haimdhuru mtu. Kwenye otomatiki, mtu akiogopa na kukosea pedali, gari linaongeza kasi. Linatambaa hata usipoligusa. Kwa hiyo somo lake la kwanza si kuondoka, ni kusimama. Wanafunzi wake husimama na kusimama tena siku nzima, mpaka mguu wa kulia ujue kwamba breki ndiyo nyumbani. Kwenye mteremko wa kushuka ziwani huwafundisha kuteremsha gia hata kwenye otomatiki, ili breki zisichemke, na bado huwataka wafumbe midomo wasikilize injini.

Pia alianza kuwatafuta wale walioambiwa hawawezi. Alisimama kwenye matangazo ya kanisa. Alikwenda kwa wauguzi wa mazoezi ya viungo, Migori na Homa Bay, akaacha namba yake. Wamekuja watu kumi na saba, mmoja akiwa mwalimu mstaafu wa Rusinga ambaye polio ilimshika utotoni na ambaye sasa anajiendesha mwenyewe kuvuka daraja la Mbita kwenda sokoni. Koleo likivunjika si mwisho wa uhunzi, na kwa mhunzi huyu ndipo kazi ilipoanza kunoga.

Nilipokuwa nikihesabu wanafunzi wake kwa ajili ya wasifu huu, Nyanchoka alinitolea madaftari ya zamani ya uandikishaji. Katika daftari la 2016 kuna safu yenye kichwa "Sababu ya kutopokelewa". Nilitafuta jina la Nicodemus Onyango, nikalipata. Neno "mguu" limekatwa kwa rula, mstari mmoja safi. Juu yake, kwa kalamu nyingine na mwandiko ninaoujua, limeandikwa "mwalimu", na tarehe ya siku aliyotoka Macalder. Hakumwambia mtu yeyote. Bwana Maranga ameamua kwamba mwalimu mpya akiajiriwa, ataonyeshwa ukurasa huo kabla hajapewa funguo.

Asante, Mwalimu Zadock, kwa masikio yako, kwa ukali wako, na kwa kukubali kufundishwa. Mama Nyakerario, tunakurudishia mumeo akiwa ametumika lakini hajaharibika. Mungu awape nyote wawili siku nyingi na njema, na goti hilo lipumzike, limefanya kazi ya kutosha.