Kadi Sitini na Moja za Elsie Tervo

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, mwiteni na yule aliyeko bandani, mketi. Leo tunamkumbuka Elsie Tervo.

Elsie Tervo alipokea simu za dharura za kaunti yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Thelathini na mmoja. Nyumba ikishika moto, alipokea Elsie. Mtoto akitaka kuzaliwa njiani kabla mama hajafika hospitali, alipokea Elsie. Alifariki Ijumaa asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili. Wengi wenu mmelia. Wengine, tusidanganyane, mmeshusha pumzi. Mmesema moyoni, mwaka huu kadi haitakuja.

Subirini kwanza.

Wageni wa kaunti hii, mnaouliza kadi gani, tuanze mwanzo. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mwezi wa Agosti, wapiga kura waliulizwa swali moja. Mko tayari kuongeza kidogo kodi ya nyumba na ardhi, ili kituo cha simu za dharura kiendelee kufanya kazi mchana na usiku, siku zote saba? Kwa nyumba ya kawaida ilikuwa kama bei ya kuni za sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, za msimu mmoja wa baridi. Basi.

Elsie alizunguka kila barabara akiomba kura ya ndiyo. Alizunguka na mumewe Reino, kwenye lori lao la kijani lenye mlango uliofungwa kwa waya. Alikuwa na mabango ya kuchomeka uani, na kila aliyekubali, Elsie alimchomekea kwa mkono wake mwenyewe na kuandika jina lake daftarini. Wasikilizaji wapendwa, hilo daftari mlikumbuke.

Upande wa hapana alikuwepo Clayton Bouchey, mwenye duka la vifaa vya shamba. Clayton hakujificha. Aliweka bango kubwa juu ya duka lake: KODI TENA? HAPANA. Elsie alipopita pale, alimwita kwa sauti watu wote wasikie.

"Elsie! Simu yangu inalia bure. Kwa nini niilipie?"

"Siku itakayolia na asipokee mtu, Clayton, ndipo utajua bei yake."

"Basi siku hiyo nitakuita wewe dirishani. Sauti yako inafika mpaka Kanada!"

Watu wakacheka. Elsie naye alicheka. Binti yake, Marlys, anasema mama yake siku zile alikuwa mtu wa kucheka.

Kura zikahesabiwa. Hapana ilishinda kwa kura sita. Sita tu. Watu sita wanakaa kwenye meza moja ya jikoni, na nafasi ya sufuria inabaki.

Kaunti haikuwa na fedha nyingine. Kituo kikawa kinafungwa Jumamosi na Jumapili. Simu za siku hizo mbili zilipelekwa kaunti ya jirani, maili tisini kutoka hapa, zikapokelewa na watu ambao hawajawahi kukanyaga barabara zetu.

Sasa sikilizeni vizuri. Jumamosi moja ya Oktoba, Elsie alikuwa kanisani akikunja pasti za kuuza, zile za nyama na viazi. Angekuwa kazini, lakini kazi yenyewe ilikuwa imefungwa. Reino na jirani yao, Toivo Lahti, walikuwa msituni wakikata kuni. Mti ukaegemea upande usiotarajiwa. Ukamwangukia Reino mguuni, na mfupa ukachana mshipa wa damu.

Toivo alifunga mguu kwa mkanda, akakimbilia simu. Kijana wa kaunti ya jirani akapokea, akauliza mko wapi. Toivo akamjibu kama ambavyo sisi sote tungejibu.

"Mpite pale palipokuwa na kiwanda cha siagi, mshike kushoto kwa kina Aho."

Wasikilizaji wapendwa, kiwanda cha siagi kiliungua miaka arobaini iliyopita. Kina Aho walihamia Arizona. Hapa kwetu tunaelekezana kwa vitu visivyopo tena, na tunafika. Elsie angesikia "siagi" tu, gari la wagonjwa lingekuwa limeshatoka. Yule kijana alitafuta kiwanda cha siagi kwenye ramani. Hakukiona. Akauliza tena. Toivo akapandisha sauti, "Kwa kina Aho, mwanangu, kila mtu anapajua!" Gari lilitumwa barabara ya kaskazini, likageuka, likatumwa nyingine.

Lilifika baada ya dakika arobaini na moja. Arobaini na moja.

Reino alikuwa amekata roho. Toivo anasema alikuwa akizungumza muda mrefu, hana hata hasira. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Mwambie Elsie nimeshawasha moto wa sauna." Elsie alirudi nyumbani na pasti kumi na mbili kwenye kikapu, akakuta sauna imepata joto vizuri kabisa. Hakuingia. Hakuiwasha tena mpaka alipokufa.

Kwenye mazishi, Clayton Bouchey alikuja na paja la nguruwe la kuoka, kofia mkononi. Watu walingoja Elsie amrushie ile sahani usoni. Elsie aliipokea. Akamwambia, "Clayton, wewe nitakuchukia mpaka nife, na msumari wako sitanunua. Lakini wewe ulikwenda kupiga kura." Kisha akawageukia waliobaki, watu wa mabango yake, waliosimama na sahani zao za viazi. Akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa akihesabu.

Kuanzia siku ile, Elsie aliendesha gari maili thelathini na nane kununua hata parafujo moja, kwa miaka kumi, asiingie duka la Clayton. Hicho kilikuwa kisasi chake kidogo. Kikubwa kilikuwa kinakuja.

Kwetu hapa, ulichokichagua kwenye karatasi ya kura ni siri yako. Lakini kwamba ulikwenda au hukwenda, hilo limeandikwa, na raia yeyote anaweza kumwomba karani wa kaunti ile orodha. Elsie aliiomba. Akaiweka mezani upande mmoja, na daftari lake la mabango upande wa pili. Akashika rula. Alianza kabla ya kifungua kinywa na akamaliza kahawa ya mchana imeshapoa.

Watu sitini na mmoja walikuwa na bango la ndiyo uani na hawakwenda kupiga kura. Sitini na mmoja. Na ndiyo ilishindwa kwa kura sita.

Kikulacho ki nguoni mwako. Elsie alikuwa akitafuta chawa kwenye koti la Clayton, kumbe wako kwenye shati lake.

Wa kwanza kumwendea alikuwa shoga yake wa tangu shule, Verna Koski.

"Verna, siku ya kura ulikuwa wapi?"

"Mgongo, shoga yangu. Mgongo ulinikamata, hata viatu sikuweza kuvaa."

"Pole. Na jioni yake ulikuwa kwenye mchezo wa bingo, ukashinda birika la umeme."

"Elsie..."

"Mgongo wa kura uliuma, wa birika ukapona. Sikufokei, Verna. Nataka kitu kimoja tu kwako. Nataka dakika zako tatu."

Wasikilizaji wapendwa, wengi wenu mlikuwepo ukumbini mwezi wa Aprili, baraza la kaunti lilipokaa kuamua kama swali lile lirudi kwa wapiga kura. Mnajua kanuni. Kila mkazi ana dakika tatu za kusema, na anaweza kumpa mwenzake dakika zake. Clayton alikuwa safu ya mbele, karatasi zake mkononi. Mwenyekiti akamwita Elsie. Elsie akasimama na saa ya jikoni, ile ya kuchemshia mayai, yenye umbo la kuku.

Nyuma yake Verna Koski akainuka, uso umemshuka. "Nampa Elsie dakika zangu." Akainuka mwenzake. "Nampa Elsie dakika zangu." Toivo Lahti naye akainuka. Kumi na tatu wakainuka, wote wa lile daftari isipokuwa Toivo, na kila aliyeinuka alijua kwa nini yeye. Kumi na tatu mara tatu, ongeza tatu za Elsie. Dakika arobaini na mbili.

Elsie akaizungusha saa mpaka arobaini na moja, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti, akakaa. Ile saa ikawa inagonga.

Dakika ya tano watu walikuwa wakitabasamu. Dakika ya kumi hakuna aliyetabasamu. Dakika ya ishirini Clayton alichukua kofia yake.

"Keti, Clayton," Elsie akasema taratibu. "Reino hakuondoka."

Akakaa.

"Dakika hii bado yuko hai," Elsie akasema. "Anamwuliza Toivo kama mbwa amekula."

Toivo Lahti akaficha uso kwa mikono. Saa ikaendelea. Mtu mmoja nyuma alianza kulia kwa sauti na hakuna aliyemgeukia. Kuku yule alipolia mwishoni, mwenyekiti aliruka kwenye kiti.

Elsie akainuka. "Imebaki dakika moja. Nampa Clayton."

Clayton Bouchey, mtu wa maneno, alisimama. Karatasi zake zilikuwa zimelowa jasho. "Sina neno," akasema.

Swali likarudi kwa wapiga kura Agosti ile. Wiki moja kabla, kadi sitini na moja ziliingia kwenye masanduku ya barua. Kadi nyeupe, haina picha. Imeandikwa maneno mawili: ULIKUWA WAPI? Chini, E. Tervo.

Ndiyo ilishinda kwa kura mia nne na mbili. Kodi ikapita kwa miaka kumi. Kituo kikafunguliwa siku saba, na Elsie akarudi kwenye kiti chake hata Jumamosi na Jumapili, mpaka alipostaafu.

Mlidhani yameisha. Kodi ilipita, kadi hazikukoma. Agosti iliyofuata, ULIKUWA WAPI? Na iliyofuata. Mara kumi. Walioomba radhi walipata kadi. Waliohama kaunti, aliwatafuta. Mchungaji wake alimwendea, naye ni mmoja wa wale sitini na mmoja, akamwambia, "Dada Elsie, samehe saba mara sabini." Elsie akamjibu, "Hiyo ni mia nne na tisini, mchungaji. Nimekuandikia sita tu. Bado uko mbali."

Alhamisi iliyopita, kifua kilimbana akiwa bustanini. Marlys alipiga simu. Gari la wagonjwa lilipoingia uani, Elsie alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatazama saa ya mkononi.

"Dakika ngapi?" akamwuliza binti yake.

"Tisa, mama."

"Tisa," akasema Elsie. "Mwambie Clayton."

Alifariki hospitalini kesho yake. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, kuna jambo mnapaswa kulijua. Miaka kumi ya ile kodi imekwisha. Jumanne hii mnaulizwa tena, iendelee au ife. Elsie alikuwa ameshatuma kura yake kwa posta. Kwa sheria ya kwetu, kura ya aliyefariki kabla ya siku yenyewe haihesabiwi. Karani ataitoa na kuiweka pembeni. Elsie Tervo hatapiga kura Jumanne. Ni mara yake ya kwanza.

Marlys amekuja hapa studio asubuhi hii na sanduku la viatu. Amesema tuwaambie kilichomo, kwa kuwa mama yake hakuwahi kukisema.

Juu kuna kadi kumi, za zamani, zimepigwa mhuri wa posta. Ni zile zile, ULIKUWA WAPI? Lakini jina lililoandikwa ni la Reino Tervo, na anwani ni ya nyumba yao wenyewe.

"Baba alikuwa kwenye ile orodha," Marlys anasema. "Alikuwa wa sitini na moja. Siku ile ya kura majani ya ng'ombe yalikuwa yameshakatwa, yamelala shambani, na mvua inakuja. Baba alimpigia mama kazini akauliza aende kura au amalize majani. Mama alimwambia, maliza majani, Reino, kura moja haitatuua."

Kila Agosti Elsie alijiandikia ile kadi. Akaipeleka posta, akangoja, akaitoa kwenye sanduku lake mwenyewe na kuisoma akiwa amesimama barabarani. Hakujisamehe hata mara moja. Kwa nini angewasamehe ninyi?

Chini ya hizo kumi kuna kadi nyingine. Mpya. Marlys amezihesabu, ni mia tatu. Zimeandikwa zote kwa mkono wa Elsie, maneno mawili, jina chini. Stempu zimebandikwa. Mahali pa anwani ni peupe.

Karani ametuambia orodha ya waliopiga kura itakuwa tayari Jumatano saa nne asubuhi. Marlys ameomba nakala. Daftari la mabango la mwaka huu analo. Rula anayo.

Tunawapa pole familia ya Tervo. Pole Marlys, pole wajukuu, pole Toivo Lahti ambaye mpaka leo hakati kuni peke yake. Maziko ni Jumatatu saa tano. Bwana Clayton Bouchey ameuliza kama anaweza kuja, na Marlys amejibu aje, mama yake angependa amwone amekaa safu ya mbele, palepale pake.

Wasikilizaji wapendwa, leo jioni mkikaa, jiulizeni jambo moja tu. Msiulize Elsie alikuwa mkali kiasi gani. Vituo vya kura vitafunguliwa Jumanne saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Jiulizeni mtakuwa wapi.